Nyimbo 10 za watu wengine: Eva Cassidy na albamu iitwayo Songbird

Leo tunaenda mbali kidogo, hadi Washington, Marekani. Tutaongea juu ya dada mmoja mwimbaji wa jazi na bluzi, na albamu yake ambayo ndani yake hakuna hata wimbo mmoja alioutunga yeye.

Najua wengine mmeshaanza kusema: sasa hiyo ni sifa gani? Kuna maneno ambayo kila kijana anayeimba kambini ameyasikia: "Wewe unakopi tu." Ukipanda jukwaani na wimbo wa mtu mwingine, vijana wanaita kava, utaambiwa huna kitu chako. Basi someni hadi mwisho, halafu tubishane.

Dada mwenyewe ni nani

Eva Cassidy alizaliwa tarehe 2 Februari 1963 mjini Washington, akakulia jimbo jirani la Maryland. Mama yake alikuwa Mjerumani. Baba yake ndiye aliyemfundisha gitaa akiwa na miaka 9. Hakuwa staa. Mchana alifanya kazi kwenye bustani ya kuuza miche na maua, na usiku aliimba kwenye kumbi ndogo za mji, watu wakila na kunywa. Alikuwa mwenye haya, lakini akifungua mdomo watu wanaacha kutafuna.

Mtu aliyempa nafasi kubwa ni Chuck Brown, mzee Mweusi anayeheshimiwa Washington kama baba wa muziki wa go-go. Alisikia sauti yake kwa fundi wa studio, Chris Biondo, akataka kuimba naye. Mwaka 1992 wakatoa albamu ya pamoja, The Other Side. Dada Mzungu mpole na mzee Mweusi wa ngoma za mtaani, wanaimba nyimbo za zamani za jazi na bluzi. Hapo hapo mjini watu walipenda. Nje ya mji, kimya.

Kwa nini kimya? Kampuni za rekodi zilimsikia. Tatizo lao lilikuwa moja: tutamweka rafu gani? Eva aliimba jazi, bluzi, nyimbo za kanisani, nyimbo za jadi za Wamarekani na pop, zote katika usiku mmoja. Wakubwa walitaka achague aina moja, ili duka lijue pa kumpanga na redio ijue saa ya kumpiga. Yeye hakutaka. Aliimba wimbo kwa sababu wimbo umemgusa, basi. Mkataba mkubwa haukuja.

Usiku mmoja uliobaki

Januari 1996 Eva na bendi yake waliamua kujirekodi wenyewe kwenye ukumbi wa jazi wa Blues Alley, pale Washington. Pesa zilitoka mfukoni mwake. Walipanga usiku mbili, tarehe 2 na tarehe 3. Usiku wa kwanza mitambo ikaleta hitilafu, rekodi yake haikufaa. Ukabaki usiku wa pili peke yake. Yaani maisha yote ya muziki ya mtu, na nafasi imebaki moja.

Waliimba. Mwenyewe hakuridhika na sauti yake ya siku hiyo, lakini albamu Live at Blues Alley ilitoka mwaka huo huo.

Miezi michache baadaye alianza kuumwa nyonga. Ikagundulika ni kansa ya ngozi iliyokuwa imeshasambaa hadi kwenye mifupa. Septemba 1996 marafiki walimwandalia onyesho, akapanda jukwaani mara ya mwisho na kuimba What a Wonderful World. Tarehe 2 Novemba 1996 akafariki. Alikuwa na miaka 33.

Mwaka 1998 lebo ndogo, Blix Street, ilikusanya nyimbo 10 kutoka kwenye rekodi zake zilizokuwepo: ile ya mwaka 1992 na Chuck Brown, ile ya Blues Alley, na nyingine ya studio, Eva by Heart, iliyotoka mwaka 1997 baada ya kifo chake. Mkusanyo huo ndio Songbird.

Njia walizopita hizo nyimbo

Sasa hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Tukifuata kila wimbo umetoka wapi, tunakuta watu waliohama, waliokimbia, na waliofungiwa milango.

Chukua Autumn Leaves. Watu wengi wanadhani ni wimbo wa Wamarekani. Muziki wake ulitungwa na Joseph Kosma, Myahudi aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1905. Alikuwa amehamia Berlin kutafuta maisha ya muziki. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, alikimbilia Paris. Mwaka 1940 Wajerumani wakaivamia Ufaransa, na mtu aliyekimbia akajikuta amefuatwa mpaka alipokimbilia. Kama Myahudi alikatazwa kufanya kazi. Aliendelea kutunga kwa siri kwa msaada wa marafiki, na kazi zikatoka kwa majina ya watu wengine.

Vita ilipoisha, muziki wake uliwekewa maneno ya Kifaransa na rafiki yake mshairi, Jacques Prévert, na ukaingia kwenye filamu ya mwaka 1946. Aliyeufanya ujulikane Ufaransa ni Yves Montand, ambaye naye alizaliwa Italia, na familia yake ilihama akiwa mtoto mdogo sababu baba yake alikuwa mpinzani wa Mussolini. Baadaye Mmarekani Johnny Mercer akaandika maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo hesabu: mkimbizi wa Hungaria, mshairi wa Ufaransa, mtoto wa wakimbizi wa Italia, Mmarekani wa kusini, ndipo wimbo unafika kwa Eva na gitaa lake. Nani hapo alikopi?

Chukua Over the Rainbow. Muziki ni wa Harold Arlen, mtoto wa mwimbishaji wa sinagogi. Maneno ni ya Yip Harburg, ambaye wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi na kuishi maisha ya shida New York. Wimbo uliimbwa na Judy Garland kwenye filamu ya mwaka 1939, na kidogo tu ukatwe, maana wakubwa wa studio waliona unachelewesha hadithi. Ukashinda tuzo ya Oscar. Miaka ya 1950 Harburg mwenyewe alifungiwa kufanya kazi kwenye filamu sababu ya siasa zake.

Wade in the Water ni wimbo wa kiroho wa Waamerika Weusi, uliotoka kwa watu waliokuwa watumwa. Ulichapishwa kitabuni mwaka 1901, lakini midomo iliubeba kabla ya hapo, na jina la mtunzi halijulikani. People Get Ready ni wa Curtis Mayfield na kundi lake The Impressions, mwaka 1965, wakati Wamarekani Weusi wanapigania haki zao. Oh, Had I a Golden Thread ni wa Pete Seeger, aliyefungiwa televisheni kwa miaka mingi kwa sababu ya msimamo wake.

Nyimbo nyingine hazina machozi hayo. Fields of Gold ni wa Sting, mwaka 1993, ulikuwa bado mpya kabisa Eva alipouimba. Songbird, uliotoa jina la albamu, ni wa Christine McVie wa kundi la Fleetwood Mac, mwaka 1977. Hata nyimbo mbili ambazo watu wanadhani ni za Eva mwenyewe, I Know You by Heart na Time Is a Healer, ziliandikwa na wengine. Ila zote 10 ukizisikia unajua mara moja ni yeye. Alipunguza mwendo wa wimbo, akaacha nafasi kati ya maneno, akaondoa mapambo. Ule wa Sting aliushusha taratibu mpaka ukawa kama mtu anakuhadithia jambo usiku, taa imezimwa.

Hiyo ndiyo kazi ya anayerudia wimbo. Mtunzi anajenga nyumba. Mwimbaji anakuja kuishi ndani yake, na kuishi kwake kunaonekana.

Ilivyofika namba moja

Songbird ilitoka bila kelele. Halafu BBC Radio 2 ya Uingereza, kwenye kipindi cha asubuhi cha Terry Wogan, wakaanza kupiga Over the Rainbow. Wasikilizaji wakawa wanauliza: huyu ni nani, anaimba wapi? Jibu lilikuwa gumu kulisema hewani.

Kumbe pia kulikuwa na video. Pale Blues Alley, ule usiku wa pili, rafiki alikuwa na kamera ndogo ya mkononi. Picha haina ufundi wowote: mwanamke, gitaa, taa hafifu. BBC waliionyesha mwishoni mwa mwaka 2000. Mwaka 2001 Songbird ikafika namba 1 Uingereza, zaidi ya miaka minne baada ya mwenyewe kufariki. Iliuza zaidi ya nakala milioni 1 katika nchi hiyo peke yake.

Fikirini kidogo. Bila fundi Biondo kutunza kanda, bila rafiki mwenye kamera, bila ule usiku mmoja, tungekuwa na hadithi tu ya dada fulani aliyekuwa anaimba vizuri. Na hadithi za hivyo tunazo nyingi. Kila kambi ina yake.

Sisi tunachukua nini hapa

Kwanza, hiyo habari ya rafu. Ndugu zetu wa mashirika, hii ni yenu, na tunaisema kwa heshima. Mara nyingi tukialikwa kuimba kwenye sherehe, tunaombwa wimbo "unaohusu maisha ya ukimbizi". Ni sawa, tunazo. Lakini kijana wa Uvira au wa Bujumbura anaweza kutaka kuimba rumba ya mapenzi, au wimbo wa kanisani wa bibi yake, au wa Marekani aliousikia kwenye simu. Eva aliambiwa achague rafu moja, akakataa, na leo hakuna anayejiuliza alikuwa wa rafu gani. Na sisi tuacheni tuimbe nyimbo zote. Kosma alikuwa mkimbizi, lakini wimbo wake maarufu kuliko zote unahusu mapenzi yaliyopita na majani yanayoanguka.

Pili, sisi vijana. Kurudia wimbo siyo aibu, ila kuna adabu yake. Taja mtunzi. Sheria ya Marekani inaruhusu mtu kurekodi upya wimbo uliokwisha kutoka, mradi mtunzi alipwe kiwango kilichowekwa, na ndiyo maana albamu kama Songbird inaweza kuwepo bila ugomvi. Kwetu huku tunajua yanayotokea majina yasipoandikwa vizuri. Malaika umeimbwa dunia nzima. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akiwa uhamishoni akausambaza mbali, na hadi leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili au ni Adam Salim wa Tanzania. Wimbo umetajirisha wengi, na jina la mwenyewe bado ni kesi. Kwa hiyo ukipandisha video yako ya kava, andika pale chini: wimbo wa fulani, umeimbwa na fulani. Inachukua nusu dakika. Na ukitunga wako, andika tarehe na majina ya wote mlioshiriki.

Tatu, rekodini. Msisubiri studio wala mradi upitishwe. Simu aliyonayo jirani yako leo inapiga picha nzuri kuliko ile kamera ya Blues Alley. Tuna akina mama kwenye kwaya wanaojua nyimbo za Fizi, za Masisi, za Makamba, ambazo hakuna mahali zimewekwa. Tuna mzee wa likembe. Siku akiondoka, au siku familia yake ikiitwa kuhamishiwa nchi ya tatu, wimbo unapanda ndege naye. Muombe ruhusa, mrekodi, uliza wimbo aliupata kwa nani, weka nakala sehemu mbili, maana simu inapotea na memori kadi inaungua.

Na wewe unayesema "unakopi tu", tafadhali tafuta Autumn Leaves ya Eva uisikilize yote, kama bando inaruhusu. Dakika chache tu. Halafu rudi hapa utuambie: ni wimbo gani wa mtu mwingine ambao ukiuimba wewe, watu wanajua ni wewe? Andika jina la wimbo na jina la mtunzi. Ukiwa hujui mtunzi, uliza, kuna mtu humu atajua.