Shajara za Misheni Zipo, Blogu Zetu Zimekwenda Wapi?

Mwaka 2006 mwanahistoria Mmarekani, Kathleen Smythe, alichapisha kitabu kuhusu familia za Wafipa wa Nkasi, wilaya ya kusini-magharibi mwa Tanzania ambamo mji mdogo wa Chala umo, kuanzia miaka ya 1880 hadi 1960. Habari nyingi alizipata kwa wazee. Nyingine alizipata kwenye makaratasi ya Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe waliokabidhiwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, kisha wakapanda kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, aliamuru kila misheni iwe na shajara inayoandikwa siku kwa siku: waliobatizwa, waliokufa, wageni waliopita, ugomvi na watawala. Dondoo zake zilichapwa. Ndiyo maana mtafiti wa leo anayetaka kujua Ufipa ya mwaka 1900 ilikuwaje ana pa kuanzia.

Shajara hizo zina upande wao, tusidanganyane. Aliyeshika kalamu alikuwa padri. Mfipa yumo kama mtu anayetazamwa, mara nyingi bila hata kutajwa jina, na mambo ambayo padri aliyaita ushirikina yamo kwa namna alivyoyaelewa yeye. Hata hivyo zipo, na kilichoandikwa kwa upendeleo bado kinaweza kusomwa na kukosolewa.

Miaka ileile kitabu cha Smythe kinatoka, Watanzania wa kawaida walikuwa wameanza kuandika shajara zao wenyewe, hadharani na kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe, inayotajwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Septemba 2005, huko Helsinki, Finland, huyohuyo Macha alimsaidia mpiga picha Muhidin Issa Michuzi kufungua ya kwake. Michuzi akawa "Ankal", wasomaji wakawa "wadau", blogu ikajiita Globu ya Jamii, na kuendelea kuandika kukaitwa kuendeleza libeneke. Yasinta Ngonyani, mwenyeji wa Ruhuwiko, Songea, aliandika kuhusu maisha akiwa Sweden. Chambi Chachage akafungua Udadisi. Wanablogu wakaunda hata jumuiya yao, JUMUWATA.

Anayedhani blogu zile zilikuwa picha za harusi na za wakubwa wakikata utepe hakuwahi kusoma maoni yaliyokuwa chini yake. Tangazo la msiba lilipotoka, aliyesoma na marehemu alijitokeza kutoka Houston, mwingine kutoka London, mwingine akiwa kwenye kafe ya intaneti ya mkoani, na baina yao wakaandika wasifu ambao hakuna gazeti lingeuchapa. Picha ya zamani ikiwekwa, wadau walitaja waliomo mmoja mmoja, kushoto kwenda kulia, na kubishana. Mwanahistoria hutafuta vitu vya namna hii miaka mingi asivipate: watu wa kawaida wanakumbuka pamoja, tena wanasahihishana.

Nyingi za blogu hizo zilifunguliwa kwenye Blogspot, kwa sababu ilikuwa bure. Google iliinunua huduma hiyo mwaka 2003. Wanablogu walijenga kwenye kiwanja cha kuazimwa, na mwenye kiwanja hakuwahi kuahidi kwamba nyumba itabaki. Dalili zilikuwepo mapema. Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, mamilioni ya kurasa zikaondoka nayo, isipokuwa zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Yahoo 360 ilifungwa mwaka huohuo. Yahoo Groups, ambako Watanzania wa ughaibuni walibadilishana habari kabla ya Facebook, nayo ilikuja kufa baadaye, Desemba 2020.

Kwetu pigo la kwanza lilitoka nyumbani. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa mwaka wa kwanza zilifika shilingi 2,100,000. Kwa mtu anayeandika bila malipo baada ya kutoka shamba au darasani, hiyo si ada, ni amri ya kunyamaza. Juni 2018 hata jukwaa kubwa la mijadala, JamiiForums, lilizima mtandao wake kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini wengi walikuwa wamekwishahamia Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp, ambako ujumbe wa leo unafukiwa na wa kesho.

Kisha, Mei 2023, Google ikatangaza kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na kazi hiyo ianze Desemba mwaka huo. Hapo ndipo mambo mawili yanakutana: aliyenyamazishwa 2018 anahesabiwa 2023 kuwa hayupo. Wengi walikuwa wamefungua anwani ya barua pepe kwa ajili ya blogu tu, na neno la siri wamelisahau. Onyo hutumwa kwenye anwani hiyohiyo isiyofunguliwa, na kwenye ile ya akiba kama iliwekwa. Mwenye blogu akiwa amefariki, nani atalisoma?

Wapo wanaojipa moyo kwamba Internet Archive ya Marekani, inayohifadhi kurasa tangu 1996, imeokoa kila kitu. Imeokoa mengi, na tunaishukuru. Lakini roboti zake hufuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Blogu kubwa ya Dar es Salaam inayotajwa kila mahali hupitiwa mara nyingi, wakati blogu ya mkoani isiyotajwa na mtu inaweza isipitiwe kabisa, au ukabaki ukurasa wa mbele bila picha na maoni. Pembezoni mwa nchi tunabaki pembezoni mwa kumbukumbu pia.

Mchapaji wa kitabu hutakiwa kisheria kupeleka nakala Maktaba ya Taifa. Kwa nini kumbukumbu za blogu ziachiwe Google, kampuni ya California? Bodi ya Huduma za Maktaba na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wangeweza kuanza hata na orodha tu ya blogu za Kiswahili zilizowahi kuwepo, mkoa kwa mkoa, kabla walioziandika hawajazeeka.

Na wewe uliyewahi kuwa na blogu, uwe Chala, Namanyere, Sumbawanga au ughaibuni: jaribu kuingia kwenye akaunti leo. Ikifunguka, nenda kwenye mipangilio, pakua nakala ya maandishi na maoni yote, kisha ihifadhi sehemu mbili tofauti. Anwani ya blogu ipeleke Internet Archive ihifadhiwe, hailipishwi. Kisha mwambie mtu mmoja nyumbani neno la siri liko wapi.