Ndoa, Mashahidi na Karatasi: Kutoka Bonde la Ruzizi hadi Ubalozini

Katogota ni kijiji cha bonde la Ruzizi, kando ya barabara ya taifa nambari 5 iunganishayo Uvira na Bukavu, katika himaya ya mwami wa Bafuliiru. Kutoka ukanda huu watu wengi wamevuka mto na ziwa kukimbia vita, na baadhi ya wakimbizi wa Kivu ya Kusini hatimaye wamefika Marekani. Mume aliyefika huko akitaka kumwita mke aliyebaki nyumbani huulizwa kwanza: ni nini kinachothibitisha kwamba huyu ni mkeo? Makala haya yanachunguza historia ya swali hilo. Hoja yake ni kwamba ugumu wa viza ya mwenzi hauanzii ubalozini. Unatokana na mvutano wa muda mrefu kati ya ndoa inayothibitishwa na watu na ndoa inayothibitishwa na maandishi.

Kwa desturi ya bonde hili, ndoa ni mapatano ya koo mbili. Posa hupelekwa, mahari hujadiliwa na kutolewa, mara nyingi kwa awamu, na bibi arusi husindikizwa mbele ya wazee. Ushahidi wa ndoa hiyo ni wale waliokuwapo. Anayetilia shaka huelekezwa kwao.

Utawala wa Kibelgiji ndio ulioleta ushahidi wa namna nyingine. Mwafrika aliyetaka kuondoka kwao kwa muda mrefu alihitaji kibali cha maandishi, na jina lake lilifuatwa katika madaftari ya utawala. Baadaye serikali iligeukia ndoa yenyewe. Dekreti ya tarehe 5 Julai 1948 ililinda ndoa ya mke mmoja iliyoandikishwa, na ile ya tarehe 4 Aprili 1950 ikapiga vita ndoa za mitara. Hapo ndipo mke aliyeandikwa na mke asiyeandikwa walipoanza kutofautishwa mbele ya serikali, ingawa mbele ya ukoo walikuwa na hadhi ileile.

Baada ya uhuru, Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilijaribu kuzipatanisha njia hizo mbili. Iliikubali ndoa ya kifamilia na kudai kwamba angalau sehemu ya mahari iwe imetolewa. Hata hivyo, iliwataka wanandoa waende kwa afisa wa serikali kuiandikisha ndoa hiyo katika muda wa mwezi mmoja. Kwa familia ya wakulima yenye harusi iliyokwisha kushuhudiwa na kijiji kizima, safari na gharama ya kuitafuta karatasi hiyo hazikuwa na maana dhahiri. Ndoa nyingi zilibaki katika kumbukumbu za watu.

Vita viliharibu kumbukumbu hizo. Mnamo 1964 uasi wa wafuasi wa Mulele ulienea bondeni, na watu wakakimbilia Burundi na Tanzania. Mnamo Oktoba 1996 vita vilianza upya Uvira, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mkoani Kigoma kuwapokea Wakongo waliovuka ziwa. Mnamo Mei 2000 raia waliuawa Katogota kwenyewe, tukio lililoandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2010. Ndoa iliyotegemea mashahidi ilidhoofika kila mashahidi wake walipouawa au kutawanyika. Daftari linaweza kuwa na nakala mahali pengine, lakini mzee aliyepokea mahari hana nakala.

Sheria ya Marekani ina njia mbili kuu. Aliyeingia kama mkimbizi anaweza, katika miaka miwili ya kwanza, kuomba mke na watoto wamfuate, ili mradi ndoa ilikuwapo kabla hajaingia. Aliyeoa baadaye hana budi kungoja apate ukaazi wa kudumu au uraia ndipo awasilishe ombi la kawaida. Mke wa raia hahesabiwi katika mgawo wa kila mwaka. Mke wa mkaazi huhesabiwa, na hungoja zamu. Tarehe ya ndoa, ambayo kijijini ni ya kukadiria, huwa ndiyo inayoamua mlango upi unafunguka.

Aidha, sheria ya uhamiaji ya 1952 haiitambui ndoa ambayo maarusi hawakuwapo pamoja siku ya kufungwa kwake, mpaka wawe wamekutana baadaye kama mume na mke. Arusi inayofanywa kijijini kwa jina la kijana aliye ng'ambo, mahari ikipelekwa na kaka zake, inaangukia hapo. Wazee wanaiona imekamilika. Afisa anaiona haijaanza. Marekebisho ya 1986 yaliongeza masharti ya miaka miwili kwa ndoa changa, na sheria ya 1996 ikamtaka mwombaji atie saini mkataba wa kumtunza mwenzi wake, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Mke aliye Kongo naye hana budi kuwa na pasipoti, cheti cha kuzaliwa, ambacho mara nyingi hupatikana kwa hukumu ya mahakama tu, uchunguzi wa daktari aliyeteuliwa, na mahojiano Kinshasa, yapata kilomita 1,500 kutoka Uvira.

Katika mahojiano hayo lugha nayo hutoa ushahidi. Kiswahili cha bondeni humwita mtoto wa baba mdogo ndugu, na mtoto wa marehemu kaka huitwa mtoto wangu pasipo kivumishi chochote. Fomu haina nafasi ya maana hizo. Mnamo 2008 Marekani ilijaribu kupima vinasaba vya waombaji wa kuunganishwa na jamaa, kwanza Nairobi. Familia nyingi hazikuthibitika, na sehemu hiyo ya mpango ikasimamishwa hadi 2012. Udanganyifu ulikuwapo. Lakini kipimo cha damu hakiwezi kutenganisha uongo na malezi, wala hakiwezi kueleza neno mtoto lilitamkwa kwa maana gani.

Vivyo hivyo kwa kitenzi kuoa. Mwanamume akiulizwa alioa lini, anaweza kutaja siku ya posa, siku ya mahari, siku mke alipohamia kwake, au siku ya kanisani. Majibu yote manne ni ya kweli. Mkewe akitaja siku nyingine, faili linaandikwa kwamba maelezo yanapingana.

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani iliamuru kusimamishwa kwa mpango wake wa kupokea wakimbizi, na Februari mwaka huohuo Bukavu, makao makuu ya jimbo, ilitwaliwa na M23. Matukio hayo mawili yaliziba njia kutoka ncha zote mbili.

Historia hii inaonyesha kwamba kuandikisha ndoa ya kifamilia mapema, kabla ya safari yoyote, si kuisaliti desturi bali ni kuipatia desturi shahidi asiyekimbia. Inaonyesha pia kwamba mfasiri wa nyaraka hizi anahitaji zaidi ya kamusi. Anapaswa kujua kwamba ndoa ya bondeni ina siku kadhaa, na kumweleza hivyo afisa anayedai siku moja.