Sauti Iliyofutwa: Kuisoma Upya Albamu ya Paul Simon, Hearts and Bones (1983)

Historia ya muziki wa Marekani aghalabu humtaja Paul Simon kwa vilele viwili: Bridge over Troubled Water ya mwaka 1970, aliyoitoa pamoja na Art Garfunkel, na Graceland ya mwaka 1986, ambayo sehemu yake kubwa ilijengwa juu ya upigaji na uimbaji wa wanamuziki wa Afrika Kusini. Baina ya vilele hivyo imelala Hearts and Bones, yaani Mioyo na Mifupa, iliyotolewa mwaka 1983, mtunzi akiwa na umri wa miaka 42. Haikupanda kupita nafasi ya 35 katika orodha ya Billboard. Kwa mtunzi ambaye albamu yake ya mwaka 1975 ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza na kutunukiwa Grammy ya albamu bora, hilo lilikuwa anguko la wazi.

Masimulizi yaliyozoeleka huendelea hivi: Simon alikauka, mwaka 1984 akapewa kanda ya muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini, mwaka 1985 akaenda Johannesburg, akafufuka. Msomaji wa Kiafrika hana budi kuyatilia shaka masimulizi haya kwa sababu mbili. Kwanza, yanawageuza wanamuziki kama Ray Phiri, Bakithi Kumalo na Joseph Shabalala kuwa waganga wa maradhi ya mtu mwingine, kana kwamba sanaa yao haikuwa na historia yake kabla ya mgonjwa kubisha hodi. Mjadala juu ya Simon na vikwazo vya kitamaduni dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi umeandikwa sana, nasi hatutaurudia hapa. Sababu ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi: masimulizi hayo huhitaji maradhi, na kwa hiyo huisoma albamu ya 1983 kinyumenyume, kutoka kwenye tiba kurudi kwenye ugonjwa. Albamu inayosomwa hivyo haipati nafasi ya kusema lake.

Ukweli ni kwamba kazi hii haina usawa, lakini si dhaifu. Hitilafu yake ina historia mahususi. Tarehe 19 Septemba 1981 Simon na Garfunkel waliimba pamoja katika bustani ya Central Park, New York, mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu nusu milioni. Ziara za pamoja zilifuata, na albamu mpya ya wawili hao ikatazamiwa, kwa jina la Think Too Much. Garfunkel alikwisha kurekodi sehemu ya sauti zake pale Simon alipoamua kuziondoa na kuitoa kazi hiyo kwa jina lake peke yake. Sababu aliyoitoa ni kwamba nyimbo zenyewe zilikuwa za kibinafsi mno. Mwaka huo huo wa 1983 alifunga ndoa na mwigizaji Carrie Fisher, na uhusiano wao ndio kiini cha wimbo uliokuja kuipa albamu jina jipya. Kwa hiyo tuna mbele yetu matini iliyokusudiwa sauti mbili, ikatolewa kwa sauti moja. Badiliko la jina nalo lina maana: kutoka kufikiri kupita kiasi hadi moyo na mfupa, kutoka kichwani hadi mwilini.

Mabaki ya jina la awali hayakuondolewa. Kuna nyimbo mbili zenye jina Think Too Much, moja ya mwendo wa pole katika upande wa kwanza wa santuri, nyingine ya kasi ikifungua upande wa pili, ambamo Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic wanapiga. Ajabu ni kwamba ile yenye alama (b) inatangulia (a). Yamkini mtunzi alitaka tuyasikie mawazo yakijirudia bila kufika. Lakini kinachosikika zaidi ni mtu ambaye hakuweza kuchagua. Jambo hilo hilo linazisumbua nyimbo nyingine za aina hii. Allergies inashika sitiari moja, ya mwili unaokikataa kile ukipendacho, na kuigeuza geuza hadi inachosha, licha ya gitaa la kasi la Al Di Meola. When Numbers Get Serious inafanya vivyo hivyo kwa tarakimu. Cars Are Cars inatuambia kwamba magari ni yale yale ulimwenguni kote na watu ndio wanaotofautiana. Hatuoni sababu ya kuutetea. Hatudai kwamba sauti ya Garfunkel ingeziokoa. Tunachodai ni kwamba hizi ni tungo zilizoanza na wazo, kisha zikamtafuta mtu wa kulibeba, zisimpate.

Tungo nzuri zinakwenda njia ya pili: zinaanza na watu, mahali na wakati. Wimbo wa Hearts and Bones unawaweka wapenzi wawili safarini katika milima ya Sangre de Cristo huko New Mexico, na katika mstari mmoja tu unawapimia asili yao ya Kiyahudi, mmoja kamili na mwenzake nusu, kwa mzaha unaoficha jeraha. Train in the Distance inasimulia uchumba, ndoa, mtoto na talaka kwa ufupi ambao mwandishi wa hadithi fupi angeuonea wivu. Karibu na mwisho msimulizi anasimama na kujiuliza hadithi hii ina maana gani, kisha anajijibu. Katika hali ya kawaida tungeliita hilo kosa, kwani msanii hapaswi kuifafanua kazi yake ndani ya kazi yenyewe. Hapa swali linafaa, kwa kuwa nafsineni ni mtu ambaye ugonjwa wake ni kufikiri. Kujieleza ni sehemu ya tabia yake.

Kilele cha albamu, kwa maoni yetu, ni René and Georgette Magritte with Their Dog after the War. Jina hilo refu lilitokana na maelezo ya picha ambayo Simon aliyaona kitabuni. Mchoraji Magritte, Mbelgiji aliyefariki mwaka 1967, anaonyeshwa akiwa na mkewe wakicheza dansi hotelini, wakizipenda kwa siri nyimbo za makundi ya vijana weusi wa Marekani ya miaka ya hamsini: Penguins, Moonglows, Orioles, Five Satins. Kihistoria jambo hili halina ushahidi wowote, na wala halihitaji. Siri ya Magritte ni ya Simon mwenyewe, mtoto wa Queens aliyelelewa na redio, na anayemtwika mchoraji wa Ulaya mapenzi ambayo hakuweza kuyasema moja kwa moja. Tena kundi la Harptones, la enzi hiyo hiyo, linaitikia nyuma yake. Katika albamu iliyofutiwa sauti ya pili, wimbo bora ni ule ulioitafuta sauti nyingine na kuipata mbali, katika ujana. Simon aliurudia katika albamu yake ya mwaka 2018, In the Blue Light, ambamo aliziunda upya tungo zake za zamani alizoona zilipuuzwa.

Hapa ndipo hoja ya ukame inapovunjika. Deni la Simon kwa waimbaji weusi halikuanzia Johannesburg mwaka 1985. Mwaka 1983 alikuwa tayari akilihesabu, na kwa uaminifu zaidi kuliko wengi wa rika lake. Wimbo wa mwisho, The Late Great Johnny Ace, unathibitisha hivyo. Johnny Ace, mwimbaji mweusi wa Memphis, alijipiga risasi nyuma ya jukwaa huko Houston siku ya Krismasi ya mwaka 1954, Simon akiwa na miaka 13. Utungo unaanza na kijana anayezipata habari hizo redioni na kuagiza picha ya marehemu, unapita London ya mwaka 1964, kisha unafika usiku wa baridi wa Desemba ambapo mtu asiyejulikana anamwuliza msimulizi kama amesikia kwamba John Lennon amekufa. Kifo cha nyota mkubwa kinaombolezwa kwa jina la mwimbaji ambaye walio wengi walikwisha kumsahau. Simon aliuimba kwa mara ya kwanza hadharani katika onyesho lile la Central Park, chini ya mwaka mmoja tangu Lennon auawe kando ya bustani hiyo hiyo, na katikati ya wimbo mtu mmoja alilikimbilia jukwaa. Ulipotolewa mkusanyo wa onyesho hilo mwaka 1982, wimbo huu haukuwamo. Katika Hearts and Bones unafungwa na muziki mfupi wa vyombo ulioandikwa na Philip Glass, usio na neno hata moja.