Ugomvi wa shilingi kumi uliozaa BBC

Tarehe 31 Desemba 2027 Hati ya Kifalme ambayo BBC inaendeshwa chini yake itafikia ukomo. London mjadala umepamba moto mapema: je, kila nyumba inayotazama televisheni iendelee kushurutishwa kulipa ada ya leseni, iliyofika paundi 174.50 kwa mwaka mwezi Aprili 2025, au shirika likatafute riziki yake kwenye matangazo ya biashara na kwa wateja watakaojiandikisha kwa hiari?

Msikilizaji wa Kigoma au Lamu anaweza kudhani hayo ni ya Waingereza wenyewe. Sivyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2014, Dira ya Dunia tunayoisikiliza kwa Kiswahili inaendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za ada hiyohiyo. Ikifutwa, nasi tutaguswa.

Marehemu Asa Briggs, mwanahistoria aliyetumia zaidi ya miaka thelathini kuandika juzuu tano za historia ya utangazaji Uingereza, alikuwa na jambo moja la kuwakumbusha wanaodhani ada hii ilitungwa na wataalamu waliotulia mezani. Ilizaliwa katika vurugu, na ilikaribia kufa kabla ya kutimiza mwaka.

Mwaka 1922 kampuni za kutengeneza vyombo vya redio, ya Marconi ikiwa mojawapo, ziliungana kuunda Kampuni ya Utangazaji ya Uingereza. Haja yao ilikuwa kuuza redio, na redio isiyo na kipindi haina mnunuzi. Tarehe 14 Novemba wakaanza kurusha matangazo kutoka London. Serikali ikaweka masharti: msikilizaji akate leseni posta kwa shilingi 10 kwa mwaka, nusu yake iende kwa kampuni, na redio atakayotumia iwe imetengenezwa Uingereza na kugongwa muhuri wa BBC. Juu ya hapo, kila redio iliyouzwa ilikatwa tozo ya kuichangia kampuni.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana redio ya siku zile haikuhitaji kiwanda. Kipande cha madini, waya uliozungushwa kwenye bomba la karatasi ngumu, visikizi vya masikioni na waya mwingine mrefu uliotundikwa uani, basi. Vijana wakawa wananunua vifaa rejareja, vingine kutoka nje na kwa bei nafuu, na kuunda redio zao wenyewe mezani. Redio hizo hazikuwa na muhuri wala hazikulipiwa tozo, na leseni ya kawaida haikuzitambua. Waundaji wakaenda posta kuomba leseni nyingine, ile ya watafiti wanaofanya majaribio ya mawimbi. Ghafla Uingereza nzima ikajaa watafiti! Maofisa wakasita, maombi yakarundikana kwa maelfu, na wengi waliochoka kungoja wakaendelea kusikiliza bila kibali chochote.

Kampuni ikalia kwamba inaibiwa. Waundaji wakajibu kwamba hawawezi kulazimishwa kununua redio ghali ili wenye viwanda wanenepe. Aprili 1923 gazeti la Daily Express likaingia vitani, likihoji ni kwa haki gani kikundi kimoja cha wafanyabiashara kimeachiwa anga yote. Meneja mkuu, John Reith, mhandisi wa Kiskoti wa miaka 33, alikuwa na miezi minne tu kazini, na baadaye alikiri kwamba alipoomba kazi hiyo hakujua hata utangazaji ni kitu gani.

Serikali ikaunda kamati chini ya Sir Frederick Sykes, na Reith mwenyewe akawa mjumbe. Mapema Oktoba 1923 ripoti yao ikatoka, nami naona ndiyo waraka uliostahili kusomwa upya leo kuliko mwingine wowote. Walisema mawimbi ya redio ni mali ya umma. Walikataa matangazo ya biashara yawe tegemeo la redio. Wakapendekeza leseni iwe moja kwa wote, bila kujali redio imetoka kiwandani au imeundwa nyumbani. Wakati hilo likisubiriwa, waundaji walifunguliwa leseni yao ya shilingi 15.

Watu wakamiminika posta. Kufikia mwisho wa mwaka 1924 leseni zilikuwa zimevuka milioni moja. Waliokuwa wakiitwa wezi miezi michache kabla walilipa mara tu walipopewa sharti la haki, na hilo ndilo wanaoitetea ada kwa kutaja faini na mahakama wanalolisahau.

Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mei 1926 ulionesha nguvu na udhaifu wa mpango huo. Winston Churchill alitaka serikali iitwae BBC, Waziri Mkuu Baldwin akakataa. Lakini Reith naye akamnyima kipaza sauti Ramsay MacDonald, kiongozi wa upinzani, jambo ambalo halina utetezi. Kulipwa na wasikilizaji hakukumwondolea hofu ya wakubwa.

Januari 1, 1927 kampuni ikawa shirika la umma lenye Hati ya Kifalme. Leseni ya televisheni ikaja mwaka 1946, ya rangi mwaka 1968, na ile ya redio ikafutwa mwaka 1971. Margaret Thatcher alimteua mwanauchumi Alan Peacock mwaka 1985 achunguze fedha za BBC, na wengi walitarajia angeileta mikononi mwa matangazo ya biashara. Ripoti ya mwaka uliofuata haikupendekeza hivyo.

Idhaa ya Kiswahili ilianza tarehe 27 Juni 1957, lakini si kwa ada. Kwa miaka mingi idhaa za nje zililipiwa na serikali kupitia Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 2010 serikali, ikibana matumizi, iliamua mzigo huo uhamie kwa wenye leseni. Mwaka uliofuata idhaa tano zilifungwa, mojawapo ile ya Kireno kwa ajili ya Afrika, na jirani zetu wa Msumbiji wakanyamaziwa. Sisi tuliponea.

Inaniuma kwamba jambo hili halijadiliwi kwetu. Mashirika yetu ya umma yanaishi kwa ruzuku ya bajeti na matangazo ya biashara, na sijasikia bunge likikaa kuuliza swali la kamati ya Sykes: mawimbi ni ya nani, na nani ayalipie? Tumezoea kusikiliza kwa gharama ya mtu mwingine.

Mtu huyo yupo. Mwaka 2000 Waingereza wenye miaka 75 na zaidi walianza kupewa leseni bure. Tangu Agosti 2020 msamaha huo umebaki kwa wale tu wanaopokea nyongeza ya pensheni ya watu wa kipato kidogo. Bibi wa miaka 80 aliyevuka kidogo kiwango hicho analipa ada kamili, na sehemu ya fedha yake ndiyo inayomlipa mtangazaji anayetusomea habari jioni kwa Kiswahili.