Onyo la Dhoruba Kali ya Theluji Hutolewa Lini Marekani
Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa onyo la dhoruba kali ya theluji pale upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 56 kwa saa au zaidi, huku theluji inayopeperushwa ikizuia kuona hata umbali wa mita 400, kwa muda usiopungua saa 3. Wingi wa theluji inayoanguka si kigezo. Iliyokwisha kutanda ardhini yatosha kumpoteza dereva.

Desemba 2022, zaidi ya watu 40 walifariki Buffalo, jimbo la New York, na viunga vyake, baadhi wakiwa ndani ya magari yaliyokwama. Anayekwama hushauriwa kubaki garini na, kabla ya kuwasha injini, kuondoa theluji iliyoziba bomba la moshi, kwani gesi yake yenye sumu, kaboni monoksidi, haina harufu.