Pikipiki ya Mtoto na Sheria Isiyofika kwa Mtumba

Tangu miaka ya 1980 Marekani imeandika sheria na masharti ya pikipiki za watoto za matairi manene, zile ziitwazo ATV, kisha ikayaandika upya zaidi ya mara moja. Karibu kila mara aliyelengwa ni mtu yuleyule: anayeuza mashine mpya. Lakini ATV haifi upesi. Injini ndogo ya Honda au Suzuki ikitunzwa huwaka hata miaka thelathini baada ya kutoka kiwandani, ikiwa imeshapita kwa familia tatu au nne, na jirani anayeiuza kwenye banda lake hana mkataba wowote na serikali kuhusu umri wa mtoto atakayeipanda. Anayetaka kumnunulia kijana wake ATV iliyotumika hana budi kuijua historia hii, kwa sababu kila mashine hutoka kiwandani na masharti ya mwaka wake na hubaki nayo. Yaliyoamuliwa baadaye hayaifuati. Kazi ya ukaguzi humwangukia mnunuzi, apende asipende.

Mwanzo wake ulikuwa wa kibiashara tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wauzaji wa Honda nchini Marekani walikuwa wakikaa bure msimu wa baridi, kwa kuwa hakuna anayenunua pikipiki theluji ikiwa imetanda. Wakaomba kitu cha kuuza miezi hiyo. Mhandisi Osamu Takeuchi na wenzake walijaribu maumbo kadhaa kabla ya kutulia kwenye magurudumu matatu yenye matairi makubwa ya upepo mdogo, na mwaka 1970 US90 ikaingia sokoni kwa dola 595. Baadaye iliitwa ATC90. Haikuwa na shokabu. Ule ulaini wa matairi ndio uliofanya kazi hiyo. Ilikuwa chombo cha kuchezea mchangani na kwenye theluji, na mwaka uliofuata ilionekana katika filamu ya James Bond, Diamonds Are Forever. Wakulima walikuja kuikumbatia baadaye, hasa ilipotoka Big Red ya mwaka 1982 yenye mahali pa kufungia mizigo, na hapo mashine ya mchezo ikawa pia ya kazi za shamba. Watoto nao hawakusahauliwa. ATC70, ndogo kwa umbo na ya magurudumu yaleyale matatu, ilianza kuuzwa katika miaka ya 1970 na ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1980.

Tatizo la magurudumu matatu halikuwa idadi yake pekee. Magurudumu mawili ya nyuma yalifungwa kwenye ekseli moja bila difu, yakazunguka kwa kasi moja hata kwenye kona, ilhali gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Mashine ya namna hiyo hutaka kwenda mbele tu. Ili ikate kona, mpandaji lazima ahamishe uzito wa mwili wake, aegemee upande unaofaa, auachie mguu wa nje ukanyage kwa nguvu. Mtu mzima mwenye kilo themanini huweza kujifunza ufundi huo. Mtoto wa kilo thelathini anaweza kuujua kichwani na bado akakosa uzito wa kuutekeleza. Mwaka 1982 Suzuki walileta QuadRunner LT125 ya magurudumu manne, na kampuni nyingine zikafuata, lakini kufikia hapo mashine za magurudumu matatu zilikuwa zimeshajaa nchini na hospitali zilikuwa zikipokea majeruhi wengi, wakiwemo watoto kwa kiwango kilichoishtua Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC.

Serikali ilifika mahakamani Desemba 1987, na Aprili 1988 jaji akaidhinisha makubaliano ya miaka kumi na kampuni tano: Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris. Uuzaji wa mashine mpya za magurudumu matatu ukakoma. Mashine za zaidi ya cc 90 zisiuzwe kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka 16, na zile za cc 70 hadi 90 ziwe za kuanzia miaka 12. Yalikuwa maendeleo makubwa, na sioni sababu ya kuyabeza. Ila tazama yalichoacha. Kampuni hazikulazimishwa kuzinunua tena mashine zilizokwisha kuuzwa, kwa hiyo zile za magurudumu matatu zilibaki mabandani na kuendelea kubadilisha mikono kihalali. Siku ileile duka lilipokatazwa kumuuzia baba mashine mpya ya namna hiyo, jirani aliruhusiwa kumuuzia ya zamani kwa bei nafuu. Sisi tuliozoea soko la mitumba tunajua bei nafuu inavyoshawishi.

Wako wanaosema, na walisema tangu wakati ule, kwamba mashine husingiziwa: watoto huumia kwa sababu hawavai helmeti, hawafundishwi, hupakizana wawili kwenye kiti cha mmoja, au huachwa barabarani. Hayo yote ni kweli. Makubaliano ya 1988 yenyewe yalizitaka kampuni zigharamie mafunzo kwa wanunuzi. Lakini hoja hii haikamiliki ikiacha swali la nani amempandisha mtoto kwenye mashine gani. Sehemu kubwa ya watoto walioumia katika miongo iliyofuata walikuwa juu ya mashine za watu wazima, na mafunzo hayarefushi mkono wa mtoto usiofikia breki. Kosa linalozaa hali hiyo mara nyingi hufanywa kwa upendo na kwa kubana matumizi: mzazi hununua kubwa ili mtoto aikue, kama anunuavyo sare ya shule iliyozidi saizi. Sare iliyozidi humchekesha tu mwalimu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na ndiyo iliyobadilisha kanuni. Kupima umri kwa cc kulileta shida yake. Kijana wa miaka 13 mwenye mwili mkubwa, akiambiwa akae kwenye mashine ya cc 80 iliyotengenezwa kwa mwili mdogo, magoti humgonga usukani, na haupiti muda anachukua ya baba yake. Kiwango cha ANSI/SVIA cha mwaka 2007 kiliachana na cc na kuanza kupima kwa kasi. Mashine ya kuanzia miaka 6 isizidi kilometa 24 kwa saa, na itoke kiwandani imefungwa isipite 16. Ile ya kuanzia miaka 10 isizidi 48, nayo itoke imefungwa isipite 24. Kwa umri wa miaka 14 na kuendelea kukawa na daraja la mpito. Sheria ya usalama wa bidhaa ya Agosti 2008 ilikifanya kiwango hicho kuwa cha lazima kuanzia Aprili 2009, na kupiga marufuku uingizaji na uuzaji wa ATV mpya za magurudumu matatu. Ililazimu pia kwa sababu kulikuwa na mashine za bei poa kutoka nje, nyingine za Kichina, na CPSC ilishatoa tahadhari kuhusu baadhi ya zile za watoto: hazina breki ya mbele, hazina breki ya kuegeshea, huwaka zikiwa ndani ya gia. Nazo leo ziko sokoni kama mitumba.

Sheria hiyohiyo ya 2008 ndiyo iliyoligusa soko la mtumba, na ililigusa kwa bahati mbaya. Kifungu chake cha madini ya risasi kwenye bidhaa za watoto kilizikumba ATV ndogo, kwa sababu ya vipande kama vali za matairi na ncha za betri, bila kutofautisha mpya na kuukuu. Februari 2009 wauzaji waliziondoa madukani. Wazazi na kampuni walilalamika kwamba mtoto hatalamba betri, ila akikosa mashine yake atapanda ya mtu mzima. Walikuwa na haki. CPSC ilisimamisha utekelezaji Mei 2009, na Agosti 2011 Bunge likaziondoa kabisa katika kifungu hicho.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kina msimamo mkali kuliko wote: asiyetimiza miaka 16 asipande ATV kabisa, kubwa au ndogo. Siwezi kuupinga kwa ushahidi, kwa maana mashine ndogo nayo hupinduka. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye mashamba na vijijini mwa Marekani watoto hupanda, na Massachusetts, iliyoweka mwaka 2010 katazo kwa wengi walio chini ya miaka 14, haikufuatwa na kila jimbo. Kwa mzazi aliyekubaliana na daktari, mjadala umekwisha. Kwa aliyeamua kununua, ushauri wa AAP ni sababu ya kuwa mkali zaidi wakati wa kuchagua.

Ukali huo huanzia kwa mtoto kabla ya injini. Aketi, ashike usukani: vidole vifikie vishikio vya breki bila kunyoosha mabega, nyayo zikae bapa, na akisimama pawe na nafasi kati yake na kiti. Kisha soma kibandiko cha umri. Kama kimebanduliwa, uliza mwaka na modeli. Tafuta skrubu ndogo karibu na kibonyezo cha moto kinachosukumwa kwa kidole gumba. Ndiyo inayozuia kibonyezo kisifike mwisho, na kwenye mitumba mara nyingi imelegezwa au haipo, maana kijana wa kwanza alishakua na akataka mbio. Angalia kama kamba ya kuzimia injini, inayoshikwa na mzazi anayetembea nyuma, bado inafanya kazi. Inua pua ya mashine, tikisa gurudumu la mbele kwa mikono miwili. Likicheza, beringi au boljointi zimekwisha. Fika ghafla ili uikute injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Haya yote hutengenezeka kwa fedha. Yasiyotengenezeka ni mawili: mashine iliyomzidi mtoto kwa umbo, na ya magurudumu matatu. Hizo usimnunulie, hata ukipewa bure.