Fulana ya Bure na Kanga ya Kununua

Tarehe 6 Machi 2022, siku kumi baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, wageni wa onyesho la mitindo la Balenciaga mjini Paris walikuta fulana kwenye viti vyao, za manjano na buluu, rangi za bendera ya Ukraine. Wanamitindo walipita katika theluji ya bandia huku upepo ukiwasukuma. Demna, mbunifu aliyeandaa onyesho hilo, alikuwa mtoto vita vilipoifukuza familia yake kutoka Sukhumi, Abkhazia, mwaka 1993. Alisoma mwenyewe shairi kwa Kiukraine. Sina shaka na machozi ya mtu aliyekimbia kwao akiwa mdogo.

Zile fulana ndizo zilizonikwama. Zilinikumbusha fulana na kanga za uchaguzi, zinazogawiwa bure msimu wa kampeni ukifika. Mama anapokea kanga ya chama, anajifunga jikoni, anambebea mtoto mgongoni, na siku ya kura anajua mwenyewe atakayempa. Nguo ya bure haimfungi mtu. Aliyeivaa hakuichagua, na aliyeigawa hajui imesema nini.

Sasa ichukue kanga aliyoinunua mwenyewe. Mwanamke wa pwani husoma maneno ya kwenye kanga kabla hajaipima doti kwa macho, kwa kuwa ana mtu anayetaka ayasome. Anapita nayo mbele ya baraza bila kufungua kinywa. Akiulizwa, atajibu kwamba amependa rangi tu. Lakini kesho atakutana na jirani yuleyule dukani, keshokutwa msibani, na yale maneno yatakuwa bado yapo kati yao. Hana pa kujificha. Uzito wa maneno ya kanga unatokana na hilo: msemaji anaishi palepale alipoyasema.

Wala si ugomvi wa majirani tu. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, ile nguo nyeusi iliyotangaza hali yao hata kwa mtu aliye mbali. Wakavaa kanga za rangi, moja kiunoni, nyingine mabegani na kichwani, wakafunika vichwa, jambo ambalo mabibi zao walikuwa wamelishika kama haki yao peke yao. Waliligharimia kwa vijipato vyao vya kwanza, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwamiliki. Sijui msimamo wa kisiasa ulio wazi kuliko huo, na haukuhitaji jukwaa.

Ng'ambo ya bahari ileile, India ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1921 Gandhi na wafuasi wake waliwasha moto Bombay na kuteketeza nguo za kigeni, nyingi zikiwa zimetoka viwanda vya Uingereza. Yeye mwenyewe akabaki na kitambaa cha kiunoni cha khadi, pamba iliyosokotwa na kufumwa kwa mikono. Mwaka 1924 chama cha Congress kilifikia hatua ya kuwadai wanachama ada ya uzi: yadi 2,000 za kusokotwa kwa mkono kila mwezi. Hebu fikiria saa ngapi za jioni hizo. Na mwaka 1931, alipokuwa Uingereza, Gandhi alikwenda Lancashire kuonana na wafanyakazi ambao kususiwa kwa nguo zao India kulikuwa kumechangia kuwaondolea kazi. Walimpokea kwa ukarimu. Ninaipenda safari ile kuliko hotuba zake nyingi, maana alikwenda kuwatazama usoni watu walioumizwa na msimamo wake.

Mizani hiyohiyo ndiyo ninayoyapimia majumba ya mitindo ya leo. Machi 2022 majina makubwa ya Ufaransa yalifunga maduka yao Urusi. Ni jambo jema, lakini Urusi ilikuwa sehemu ndogo ya mauzo yao. Mtihani mgumu ulikuwa umekuja mwaka mmoja kabla, kwa H&M ya Sweden. Mwaka 2020 ilieleza wasiwasi wake kuhusu taarifa za Wauighuri kulazimishwa kufanya kazi Xinjiang, jimbo lao huko China linalotoa karibu moja ya tano ya pamba ya dunia. Machi 2021 tamko hilo likafufuliwa mitandaoni China, na bidhaa za H&M zikatoweka kwenye programu za ununuzi nchini humo. Muda si mrefu kampuni ikatoa tamko jingine la kutaka kurudisha imani ya wateja wa China. Xinjiang haikutajwa.

Vita vya Ukraine havikuwa kwenye uzi wa Balenciaga. Xinjiang ilikuwa ndani ya uzi wenyewe. Kwa hiyo anayeuliza kama mitindo ichukue upande, namjibu: ianze kwa kutueleza pamba yake imelimwa na nani, kwa hiari au kwa shuruti, na ilibakize jibu hilo hata soko likinuna.

Jambo hili limefika mpaka kwetu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza kule bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikafutiwa nafasi hiyo. Sikusikia jukwaa lolote la Paris au Milan likiizungumzia. Waliolipa ni Rwanda yenyewe, na wachuuzi wa Kigali waliozoea kufungua marobota alfajiri.

Nani aliwaendea hao wachuuzi, kama Gandhi alivyokwenda Lancashire?